Ripita moja kileleni au nyingi mabondeni? Ujumbe wa LoRa mahali pasipo na mtandao wa simu

BondeMbili (ameuliza):

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kikundi chetu kinapanga kuunganisha kaya kama arobaini zilizotawanyika katika mabonde mawili yaliyotenganishwa na safu ya vilima, mahali ambapo simu hushika mtandao kileleni tu na huko chini hakuna chochote. Hatuhitaji sauti wala picha. Tunachotaka ni ujumbe mfupi wa maandishi unaosema kwamba mgonjwa anahitaji kubebwa, kwamba mto umejaa, au kwamba moto umeonekana upande fulani. Tumechagua vifaa vidogo vya LoRa (redio ya nguvu ndogo inayofika mbali) vyenye programu ya Meshtastic, ambavyo mtu huviunganisha na simu yake kwa Bluetooth, na tunakusudia kufunga ripita za kudumu zinazotumia sola, yaani vifaa vinavyopokea ujumbe na kuurusha tena hewani.

Ushauri tunaoupata unapingana. Wapo wanaosema tufunge ripita moja tu katikati ya kilima, yenye nguvu kubwa kadiri inavyowezekana. Wengine wanasema kila kaya iweke kifaa chake katika hali ya ROUTER, yaani kirudie kila ujumbe kinaousikia, na idadi ya miruko (mara ambazo ujumbe unaweza kurudiwa njiani) ipandishwe hadi 7, ili ujumbe upate njia nyingi za kupita. Ninaomba wenye ujuzi watueleze ni lipi kati ya hayo linalofaa, na kwa sababu gani, kabla hatujapanda na nguzo.

---

FundiAntena:

Ndugu BondeMbili, naanza na nguvu, kwa sababu ndipo fedha nyingi hupotea. Chipu ya SX1262 iliyomo katika vifaa vingi vya sasa hutoa hadi 22 dBm, yaani takriban miliwati 158. Katika mpangilio wa awali wa Meshtastic, uitwao LongFast, kifaa cha upande wa pili husikia ishara iliyofifia hadi karibu -130 dBm, kwa hiyo mna takriban desibeli 150 za kupoteza njiani. Mahali peupe, wimbi la 868 MHz hupoteza desibeli 111 hivi katika kilomita 10. Mnabaki na akiba ya desibeli karibu 40, na hiyo ni nyingi sana. Kinachoua mawasiliano ni udongo, miamba na miti mibichi iliyosimama katikati, na kuongeza amplifaya hakupenyezi wimbi ndani ya kilima. Tena amplifaya ya kutuma hukuza sauti ya ripita bila kuipa masikio: nyumba zote zitaiona ripita kwenye orodha yao, lakini ujumbe wao hautaifikia, na watu watadhani vifaa vyao ni vibovu.

Zingatieni pia kwamba kuonana kwa macho hakutoshi. Wimbi linahitaji uwazi kuuzunguka ule mstari wa kuonana, eneo linaloitwa eneo la Fresnel. Kwa masafa ya 868 MHz na umbali wa kilomita 10, nusu-kipenyo cha eneo hilo katikati ya njia ni mita 29 hivi, na inashauriwa angalau asilimia 60 yake, yaani mita 17 au 18, iwe wazi. Kwa hiyo mgongo wa ardhi unaokaribia kugusa mstari huo unadhuru hata kama mnaonana kwa darubini.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema “katikati ya kilima.” Iwapo kilele chenu ni kipana na tambarare, ripita iliyo katikati yake haitaona bonde lolote, kwa kuwa ukingo wa kilima chenyewe utaziba pande zote mbili. Pandeni mkasimame mahali mnapoziona paa za nyumba. Mara nyingi ni mahali pa chini kidogo kuliko kilele, pale mteremko unapoanza. Ikiwa hakuna sehemu moja inayoona mabonde yote mawili, fungeni ripita mbili, kila moja kwenye ukingo wake, mkihakikisha zinasikilizana juu ya tambarare.

Kuhusu antena, nunueni iliyotengenezwa kwa masafa yenu hasa. Ile ya 433 MHz haifai kwa 868, hata kama kichwa chake kinaingia vizuri. Kebo iwe fupi, kwani kebo nyembamba aina ya RG58 hupoteza takriban nusu desibeli kwa kila mita katika masafa haya, hivyo mita 6 za kebo zinameza nusu ya nguvu yenu wakati wa kutuma na pia wakati wa kupokea. Ni bora kisanduku chote kikae juu ya nguzo, antena ikiwa imefungwa moja kwa moja juu yake. Wala msiwashe kifaa kikatuma bila antena, maana nguvu inayorudi inaweza kuunguza sehemu ya kutuma.

---

Mruko_wa_Tatu:

Nakubaliana na FundiAntena kuhusu mahali. Mimi nataka kueleza kwa nini ushauri wa pili, ule wa kila kaya kuwa ROUTER, unaweza kuharibu mtandao wenu siku ileile mtakayouhitaji.

Mtandao wa namna hii hauna mnara unaogawa zamu. Vifaa vyote hutumia chaneli moja, na anayetuma huwa anawanyamazisha wote wanaomsikia. Katika LongFast, alama moja ya LoRa, yaani kipande kidogo cha ujumbe, huchukua milisekunde 8 hivi. Ujumbe wa maneno machache hukaa hewani takriban sekunde 0.7, na ule unaokaribia baiti 200, ambao ndio ukomo wa urefu, hukaribia sekunde 2. Sasa zidisheni mara idadi ya vifaa vinavyourudia. Kaya arobaini zikiwa zote ROUTER, sentensi moja ya mtu mmoja inaweza kujaza hewa kwa zaidi ya nusu dakika, na katika muda huo ujumbe wa mwingine unagongana na marudio hayo. Katika nchi za Ulaya kuna kikwazo cha ziada cha kisheria, kwani sehemu ya masafa inayotumiwa kule, 869.4 hadi 869.65 MHz, humruhusu mtumiaji kuwa hewani asilimia 10 tu ya muda, yaani dakika 6 kwa saa.

Waliobuni programu waliliona tatizo hilo na wakaweka utaratibu ambao kwa kweli naupenda. Kifaa cha kawaida, kilicho katika hali ya CLIENT, kikisikia ujumbe hakikimbilii kuurudia. Kinasubiri kidogo, na muda wa kusubiri hutegemea ubora wa ishara iliyopokewa: aliyesikia kwa shida huelekea kutangulia, kwa kuwa huenda ndiye aliye mbali zaidi na marudio yake yatafika mbali zaidi. Wengine wakimsikia ameurudia, wanafuta marudio yao na kunyamaza. ROUTER haifuati adabu hiyo. Yenyewe hutangulia, na haifuti hata ikisikia wengine. Hilo ni jambo jema kwa kifaa kilicho ukingoni mwa kilima. Kwa kifaa kilicho dirishani bondeni ni hasara tupu, kwa sababu kitatangulia na kuwanyamazisha majirani waliokaa vizuri zaidi, na mruko mmoja utakuwa umetumika bure.

Kwa hiyo, ROUTER ni ripita za ukingoni tu. Nyumba zote ziwe CLIENT, na kama nyumba moja ina vifaa viwili au vitatu, vile vya ziada viwe CLIENT_MUTE, hali ambayo kifaa hutuma na kupokea ya kwake bila kurudia ya wengine. Iwapo kuna kona ya bonde iliyojificha nyuma ya jabali, nyumba iliyo mdomoni mwa kona hiyo iwekeni ROUTER_LATE, ambayo hurudia kila mara lakini baada ya wengine kumaliza. Miruko iacheni 3 kama ilivyo. Kutoka nyumba hadi ukingo wa kwanza, kutoka hapo hadi ukingo wa pili, kisha chini hadi nyumba nyingine: ujumbe umehitaji marudio mawili tu, na moja limebaki kwa ajili ya ile kona.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa vilimani hawaambiwi mapema. Kifaa husikiliza kwanza kama hewa iko kimya kabla ya kutuma. Lakini bonde la kushoto halilisikii bonde la kulia, kwa hiyo nyumba mbili zinaweza kutuma kwa wakati uleule, kila moja ikiamini hewa ni tupu, na ripita moja iliyo kileleni ikaishia kupokea mchanganyiko usiosomeka. Ripita inayosikia kila kitu ndiyo inayogongewa zaidi. Hii ni sababu ya pili ya kupendelea ripita mbili za ukingoni hata kama mmepata mahali pamoja panapoona pande zote. Kila moja itasikiliza bonde lake, na mwili wa kilima utaikinga na kelele za upande wa pili.

Mwisho kwa upande wangu, punguzeni taarifa ambazo vifaa hujitumia vyenyewe. Nyumba haihami, basi haina haja ya kutangaza mahali ilipo mara kwa mara, na hali ya betri inaweza kutumwa mara chache kwa siku. Programu huonyesha asilimia ya muda ambao chaneli inatumika. Ikikaribia 25 wakati hakuna anayeandika, tafuteni kifaa kinachopiga kelele. Mtandao ukikua, hamieni mpangilio wa MediumFast: mtapoteza desibeli kama 5 za umbali, lakini kasi itapanda kutoka takriban kilobiti 1 hadi 3.5 kwa sekunde, na akiba ya desibeli 40 aliyoitaja FundiAntena inalimudu hilo bila shida. Sharti ni kwamba vifaa vyote vihame pamoja, kwa kuwa wa LongFast na wa MediumFast hawasikilizani.

---

Betri_na_Jua:

Nami niongeze la umeme kwa ufupi. Kwa ripita, chagueni bodi yenye chipu ya nRF52840 badala ya ESP32. Ya kwanza hutumia wastani wa miliampea 10 hivi ikiwa inasikiliza muda wote, na ya pili hutumia mara kadhaa zaidi. Kwa miliampea 10, siku nzima ni miliampea-saa 240, hivyo seli moja ya 18650 yenye 3000 inavuka zaidi ya wiki moja ya mawingu bila jua lolote. Paneli ndogo ya wati chache inatosha, mradi isifunikwe na kivuli cha nguzo wala cha antena. Mahali penye baridi kali kumbukeni kwamba seli za lithiamu hazipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi 0.

Kisanduku kitobolewe tundu dogo kwa chini. Kisanduku kilichozibwa kabisa hupumua kupitia nyufa zake usiku kinapopoa, huvuta unyevu, na baada ya miezi kadhaa mnakuta matone juu ya bodi na kutu ya kijani kwenye kiungo cha antena. Kiungo chenyewe kizungushiwe utepe wa mpira unaojigandisha.

---

BondeMbili:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Tutapima kingo zote mbili kabla ya kununua nguzo. Nimebakiwa na swali kuhusu usiri, kwani habari za wagonjwa si za kusomwa na kila mtu. Pia nimesikia MeshCore, programu nyingine ya LoRa, ikisifiwa kwa mitandao yenye ripita za kudumu. Je, tubadili mpango?

---

Mruko_wa_Tatu:

Chaneli ya awali ya Meshtastic imefungwa kwa ufunguo unaojulikana na kila mtu, kwa hiyo ichukulieni kuwa ni ya wazi. Tengenezeni chaneli yenu yenye ufunguo wa biti 256 na muugawe ana kwa ana kwa msimbo wa QR. Habari za mgonjwa zitumwe kwa ujumbe wa mtu kwa mtu, ambao tangu toleo la 2.5 hufungwa kwa ufunguo wa mpokeaji mwenyewe, hata wanachaneli wengine wasiusome. Yote haya yafanyike katika masafa yasiyohitaji leseni. Ukitumia leseni ya redio ya ridhaa, katika nchi nyingi kuficha maana ya ujumbe hakuruhusiwi.

MeshCore inafaa kwa umbo la mtandao wenu, kwa kuwa kwa kawaida vifaa vya watu havirudii kitu, ripita pekee ndizo hurudia, na ujumbe wa mtu kwa mtu ukishapata njia mara ya kwanza hupita njia hiyohiyo badala ya kumwagwa kila upande. Hewa hubaki tulivu zaidi. Gharama yake ni kwamba nyumba isiyosikia ripita haitasaidiwa na jirani, na katika bonde lenye kona hilo si jambo dogo. Kwa kaya arobaini ningeanza na Meshtastic. Mifumo hii miwili haisemezani, lakini bodi nyingi huikubali yote miwili, hivyo mkibadili mawazo hamtapoteza vifaa.

Nawasihi jambo moja kuhusu ujumbe wa dharura. Ukiandika kwenye chaneli ya wote na ikaonekana alama kwamba ujumbe umepokewa, maana yake ni kwamba kifaa chako kimesikia kifaa kingine kikiurudia, pengine ripita tu. Haimaanishi kwamba mtu ameusoma. Wafundisheni wanakikundi kwamba ujumbe wa mgonjwa au wa mafuriko hujibiwa kwa maneno na mtu anayetaja jina lake, na kwamba aliyetuma asipopata jibu hilo ndani ya dakika chache, anatuma tena, na wakati huohuo mtu mwingine anaanza kutembea.