Nimekuta kuberi kwenye mkebe wa mwanangu wa kidato cha pili

Mama Watatu, Mbagala
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Jana nafua sare ya mwanangu, anasoma shule ya kutwa hapa hapa. Mkono wa shati una doa la kahawia, nikajua chai. Doa halitoki. Nikapekua begi: kwenye mkebe, chini ya bikari, vipakiti viwili, kimoja kimechanwa kona. Kunusa, kinanukia kama tambuu. Shemeji yangu, dereva wa daladala, alikuwa amekaa barazani akakitupia jicho tu: "Shemeji, hiyo kuberi. Tumbaku hiyo."

Sigara ningeinusa. Hii anaificha wapi? Nimchape? Niende shule? Bado hajui kama nimeona.

Mwalimu Mstaafu
Mama, shule subiri kwanza. Nimeshika nidhamu miaka kumi na moja. Wa bangi tulimkuta nyuma ya choo kwa harufu. Wa kuberi anakaa dawati la mbele, anaitikia jina, na mzigo uko chini ya mdomo. Vuta mdomo wake wa chini utazame fizi: anayeweka kila siku hapo panakuwa peupe, pamekunjamana. Ukiipeleka pakiti ofisini, huenda akasimamishwa wiki mbili, na wiki mbili hizo atakaa na hao hao wanaompa.

Dogo wa Rangi Tatu
Mama, fimbo haisaidii, mimi nilichapwa sana. 2016 nilikuwa fomu three, tunachanga mia mia tunanunua kiroba, ile pombe kali ya pakiti, tunamimina kwenye chupa ya maji. Machi 2017 viroba vikapigwa marufuku, chupa ikawa ghali kwetu, ndipo nikaingia kuberi. Siku ya kwanza nilitapika mtaroni, dunia inazunguka. Mwezi wa pili nisipoweka, nasoma mstari mmoja mara tano hauingii. Muulize anapewa na nani. Mimi jamaa alinipa bure wiki nzima, ya pili akaanza kudai hela.

Mangi wa Kona
Dukani wanakuja na sare, "baba kanituma sigara moja". Sheria ipo tangu 2003, chini ya miaka 18 huuzi. Nikimnyima anavuka barabara, namuona kabisa anapewa.

Mama Watatu, Mbagala
Nimerudi. Nilimwambia afungue mdomo nimtazame jino. Mwalimu, ni peupe kama ulivyosema, upande wa kushoto. Akaanza kulia kabla sijauliza kitu. Sikumgusa, nikamwekea chai.

Kasema anapewa asubuhi kwenye gari, na kondakta, ndiyo maana halipi nauli wala haachwi kituoni kama wanafunzi wenzake. Gari lipi? Akanyamaza. Nikakumbuka shemeji alivyoijua ile pakiti bila hata kuishika.

Analaza gari saa nne usiku. Nimekaa barazani namsubiri.