Wakimbiaji tupeane uzoefu: ulijuaje mwili unataka kupumzika na si uvivu tu?

Habari za wakati huu wakuu.

Mimi ni mkimbiaji wa kawaida hapa Dar, medali zangu ni zile za kila anayemaliza. Nimetokea kwenye vikundi vya jogging vya Jumapili huku Temeke, vile vya filimbi na nyimbo halafu mnamalizia kwenye supu. Nikaonja kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, mzuka ukapanda, mwakani nataka 42. Sasa tangu niongeze kilomita, ugoko wa kushoto unauma. Nikipasha unapoa, nikikaa jioni unarudi.

Kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mmoja "kaza buti", mwingine "acha kabisa". Naomba waliopitia waseme: ulikuwa unaumwa nini, dalili gani ilikusimamisha, na ulirudije barabarani?

*

Mteremko wa Mweka

Mkuu, kabla ya yote kaa chini, bonyeza mfupa wa ugoko kwa kidole kuanzia chini ya goti kushuka. Kama maumivu yametapakaa ukingo wa ndani, sehemu ndefu, mara nyingi ni msuli na utando unaoshika mfupa, hapo unapunguza mazoezi na kuangalia raba zako. Lakini kama kuna sehemu moja tu, ndogo, ukiigusa unaruka, simama leo hii. Huo unaweza kuwa ufa kwenye mfupa.

Mimi ulikuwa ufa. Nakaa Moshi na tizi langu lilikuwa kupanda barabara ya Mweka na kushuka. Watu wanaogopa kupanda, kumbe kilichonimaliza ni kushuka, maana kila hatua mguu unatua kwa kishindo. Aliyegundua ni mke wangu. Aliniambia, "Mbona siku hizi ukishuka kwenye bodaboda unatanguliza mguu wa kulia tu?" Nilikuwa sijui kama nafanya hivyo.

Nikaenda kupiga picha, ikatoka safi, nikaambiwa niendelee na shughuli zangu. Hapo ndipo wengi tunapigwa. Ufa wa namna hii wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi hauonekani kwenye eksirei, unakuja kuonekana mfupa ukishaanza kujiunga. Picha ya pili ndiyo iliyosema ukweli. Kawaida ni wiki sita hadi nane bila kukimbia, na ukirudi unaanza kwa kutembea na kukimbia kidogo kidogo. Niliruhusiwa kuendesha baiskeli kwa sababu haikuuma.

*

Kaza Buti

Mnamtisha mwenzenu. Mzee wetu John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki, Mexico City 1968, alianguka goti likaumia, likafungwa bandeji, akaingia uwanjani giza limeshaingia na bado akamaliza. Mtanzania hakimbii maumivu. Kunywa dawa, songa mbele.

*

Pumzi Mbili

@Kaza Buti, Akhwari tunamheshimu wote, ila unamtumia vibaya. Ile ilikuwa siku ya mashindano ya Olimpiki, mbio moja ambayo mtu ameiandaa kwa miaka, kwenye mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Siku hiyohiyo wakimbiaji kadhaa waliacha njiani na hakuna aliyewaita waoga. Na Akhwari hakuishia pale: mwaka 1970 alishika nafasi ya tano kwenye marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Goti lile lilitunzwa likapona. Huyu mwenzetu anaongelea mazoezi ya Jumanne asubuhi barabara ya Kilwa. Hakuna bendera ya taifa pale.

Na hiyo "kunywa dawa" naomba uifute. Mimi nilikuwa mteja wa diklofenaki ya duka la dawa. Inaua maumivu, mguu unaendelea kuharibika chini kwa chini, na ukiimeza halafu ukatoka kutoa jasho kwenye joto la Dar huku maji hujanywa, unazitesa figo. Nilichovuna ni kano ya kisigino iliyovimba mpaka nikawa navaa kandambili kwenda kazini.

*

Mama wa Nyegezi

Jamani, nyie wote mnaongelea miguu. Langu halikuwa na maumivu popote.

Nakimbia Mwanza, napenda vilima vya Capri Point. Ghafla kasi ikaanguka. Kilima nilichokuwa nakipanda naongea na shoga yangu, nikawa nasimama katikati nimeshika kiuno. Nikajiona mvivu, nikaongeza mazoezi. Usiku usingizi hakuna, asubuhi moyo unadunda kabla sijatoka kitandani, hedhi nayo ikakata na mimba sina. Dada mmoja nesi ndiye aliyenishtua: usiishie kupima wingi wa damu, mwambie daktari apime na akiba ya madini ya chuma. Damu ilikuwa "inatosha", akiba ilikuwa imekwisha.

Kumbe nilikuwa nakula kidogo kuliko ninavyokimbia. Nilipewa vidonge, nikaongeza maini, dagaa na maharage, mchicha naukamulia limau, na chai nikaihamisha mbali na chakula maana inazuia chuma kisifyonzwe vizuri. Mbio nilisimamisha kabisa. Hedhi iliporudi ndipo nikajua mwili umekubali. Wanawake wenzangu, hedhi kukata kwa sababu ya mazoezi si sifa, mifupa inadhoofika taratibu.

*

Kijana wa Eldoret

Salamu kutoka huku juu. Mimi nitasema jambo moja ambalo wageni wakija Iten, mji wa wakimbiaji hapa Kenya jirani na Eldoret, huwa hawaamini. Siku ya mazoezi mepesi, hao mabingwa wanakimbia polepole hadi unaona haya kwa niaba yao. Kundi linatoka saa kumi na mbili asubuhi, watu wanaburuta miguu kwenye udongo mwekundu, wanapiga stori, ni kama wanaenda kununua maziwa. Mgeni anawapita akijiona. Siku ya kazi ngumu ikifika, wao wana miguu na yeye hana. Tena Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ukifika tu ukaanza kushindana na wenyeji, wiki haiishi kabla hujalala na kikohozi.

Katikati ya mazoezi wanalala. Mchana kabisa, mtu mzima amelala. Jumapili wengi hawakimbii, ni kanisa na chai.

Halafu hili la kuacha njiani. Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki 2016 na 2021, kule Paris 2024 mgongo ulimshika, akasimama baada ya kilomita 30. Kama yeye anaweza kusimama mbele ya kamera za dunia nzima, wewe wa Temeke nani anakuangalia?

*

Mpemba Mjini

Sina mengi. Homa na mbio havikai pamoja. Nilipopata malaria, siku niliyomaliza dozi nikavaa raba, nikapiga mzunguko mmoja wa Maisara kisha nikakaa kwenye majani kama mzee. Daktari akanambia homa ikikamata mwili mzima moyo nao huweza kuguswa, kwa hivyo nisikimbie mpaka nguvu zirudi. Na mwezi wa Ramadhani mimi natoka baada ya tarawehe, nusu ya kilomita zangu za kawaida, basi.

*

(Mleta uzi)

Nashukuruni sana wakuu. Nimebonyeza kama mkuu wa Mweka alivyoelekeza: ni ukingo wa ndani, sehemu ndefu, hakuna pa kuruka. Nimeenda pia kwa mtaalamu wa viungo. Akanisimamisha kwa mguu mmoja nirukeruke, akaangalia na raba, kisigino kimelika upande mmoja. Kasema si ufa kwa dalili za sasa, ila nikiendelea hivi nitaupata. Mbio zimefungwa mpaka nitembee siku nzima bila kuuma, picha tutapiga kama haitulii. Nguvu za mashavu ya miguu na nyonga ndizo za kufanyia kazi kila siku. 42 nimeisogeza, mwakani 21 tena.

@Kaza Buti usinune.

Sasa naulizia: nani anajua bwawa la kuogelea la bei poa upande huu wa Temeke, au ana baiskeli ya mazoezi ambayo kwake imegeuka kamba ya kuanikia nguo? Aje PM tuongee bei.