Keiferia lycopersicella na kantangaze: nawatofautishaje?

nyanya_tengeru
Wakuu, nina nondo wa kijivu wa milimita 6 hivi, kutoka nyanya za huku Tengeru. Mwongozo wa Kimarekani unamwonyesha Keiferia lycopersicella, kafanana naye kabisa. Ndiye kantangaze huyu, yule nondo ambaye viwavi wake huharibu nyanya zetu? Na mbona kantangaze ana majina mawili ya kisayansi, Tuta absoluta na Phthorimaea absoluta?

magamba
Ni wawili tofauti, mkuu, ila ni ndugu: familia ya Gelechiidae, kundi la Gnorimoschemini. Keiferia alielezwa na Walsingham mwaka 1897. Kwao ni kusini mwa Marekani (USA), Meksiko na Karibi. Kantangaze asili yake Peru. Meyrick alimwita Phthorimaea absoluta mwaka 1917, wakamhamishahamisha hadi Tuta mwaka 1994, na mwaka 2021 Chang na Metz wakamrudisha alikoanzia. Kwenye lebo ya nondo wako andika yote mawili, maana madukani wanamjua kwa Tuta tu.

Rangi ya mabawa isikudanganye, hasa nondo akitoka kwenye mtego wa gundi, magamba yameshapukutika. Uhakika uko kwenye viungo vya uzazi vya dume. Kata tumbo, liweke kwenye potasi kali (KOH) ya asilimia 10, chupa ikae ndani ya maji ya moto dakika 10 hadi 15 (glavu na miwani, inaunguza). Lihamishie kwenye maji, ondoa mafuta na magamba kwa brashi laini, kisha hadubini. Ukiwahi kulitoa, nyama inaficha kila kitu; ukilisahau, linakuwa kama nailoni, huoni hata kingo.

bwanashamba_usa_river
Kabla ya hadubini, mtazame kiwavi. Kantangaze ana mstari mwembamba mweusi nyuma tu ya kichwa, na jani linabaki na baka pana jeupe lenye kinyesi cheusi ndani. Kiwavi wa Keiferia akikua huwa na mabaka ya zambarau, hukunja jani na kulishona kwa nyuzi. Kama jirani kalima viazi mviringo, usimsahau Phthorimaea operculella, nondo wa viazi.

nyanya_tengeru
Mstari mweusi upo. Ila mtego wenye chambo cha Keiferia haujanasa kitu wiki mbili.

magamba
Hautanasa. Feromoni zao (harufu ya jike inayomvuta dume) ni kemikali tofauti, kila dume anafuata ya jike wake. Weka chambo cha Tuta kwenye mtego mpya, na glavu mpya pia. Ukishika vyambo viwili kwa glavu moja harufu zinachanganyika, utaanza kubishana na mtego.