Naomba ushauri: masomo ya Jumamosi kwa majirani Wanaijeria

Habari zenu wana kikundi. Naishi Thamesmead, London, mtaa wenye Wanaijeria wengi. Mwanangu wa miaka 9 atafanya mtihani wa kuingia sekondari za mchujo za Bexley Septemba mwakani, na hesabu za sehemu zinamtoa jasho.

Majirani zangu Wayoruba wamejipanga. Wanacheza ajo, yaani upatu wetu huu huu, na kila anayepokea hukatwa kidogo kwa ajili ya masomo ya watoto Jumamosi asubuhi. Wanaofundisha ni vijana wao walioko chuo kikuu. Siku moja nilichungulia: sufuria kubwa ya wali wa jollof mezani, ukutani alama za kila mtoto, na mama mmoja anakagua madaftari ya watoto wote, si ya wa kwake tu. Jamani, nilitamani!

Wametukaribisha. Tatizo ni kwamba saa hizo hizo mtoto yuko madrasa. Nimemwomba ustadhi ambadilishie zamu, hakuna nafasi. Mwalimu wa nyumbani nilijaribu miezi 2, mfuko ukagoma. Waislamu wamo humo kwao pia, ila watoto wao husoma Kurani jioni.

Je, niwaombe wasogeze saa, au mgeni nitaonekana mjuaji? Na kuna aliyewahi kuanzisha upatu wa masomo kwa familia 5 au 6 za Waswahili huku? Walimu mliwapataje?