Mjadala: South Bank ya London ni ya wenye tiketi au ya kila anayepita?

Wadau, juzi nimebishana na kaka yangu mmoja hapa London mpaka chai ikapoa. Yeye anasema zile kumbi za sanaa za South Bank, kando ya mto Thames, zijitafutie hela zenyewe, kila kona ipangishwe duka au mgahawa, asiyenunua kitu asikae. Mi nilikataa na bado nakataa, ndo maana naileta hapa.

Kwa ambaye hajafika, ukishuka stesheni ya Waterloo unatembea dakika chache tu upo mtoni. Royal Festival Hall ilifunguliwa 1951, Vita ya Pili ya Dunia imeisha miaka sita tu kabla na vyakula vingine bado vya mgao, lakini halmashauri ya London ikaona watu wanahitaji ukumbi wa muziki. Baadaye zikaja Queen Elizabeth Hall 1967, Hayward Gallery 1968, na National Theatre ikahamia pale 1976. Hela ya umma hiyo jamani, sio ya tajiri mmoja.

Tangu 1983 pale chini Royal Festival Hall pako wazi mchana kutwa, hata huna tiketi unaingia. Mwaka wangu wa kwanza huku hita ya chumba nilichopanga iliharibika, mwenye nyumba kila siku anasema fundi anakuja, mi nikawa natoka kibaruani naenda kukaa pale na chupa yangu ya chai. Hakuna aliyeniuliza. Pembeni yangu mama mmoja kamkalisha mwanawe kwenye zulia anafanya homuweki, wadada kwenye kioo wanajifunza kudansi, halafu jioni moja jamaa wakapanga vyombo wakapiga jazi ya bure, nikasikia besi ile kubwa ya mbao inatetemesha kiti nilichokalia. Miezi kadhaa baadaye nikanunua tiketi ya kwanza maishani mwangu ya kwenda kusikiliza okestra. Sasa ningefukuzwa siku ya kwanza, hiyo tiketi ningeinunua mimi?

Kaka akasema sawa, lakini vijana wa skeitibodi je, wale nao sanaa? Wapo chini ya Queen Elizabeth Hall tangu miaka ya 1970, kuta zimejaa rangi, magurudumu yanakwaruza zege mpaka unayasikia ukiwa mbali. 2013 uongozi ulitaka kuwahamishia chini ya daraja la Hungerford, pale pao pawekwe maduka na migahawa ya kusaidia kulipia ukarabati mkubwa. Vijana wakaweka meza pale pale, wakakusanya saini mchana na usiku kwenye baridi, na 2014 yakafikiwa makubaliano wabaki. Mi nawaunga mkono kabisa, watalii wanasimama pale kuwaangalia na hawalipi hata senti, tena ile sehemu wao ndo waliipa uhai wakati wengine waliiona giza na zege tu.

Hoja yake ya hela siipuuzi lakini. Majengo yale yanazeeka, ukarabati ni gharama kubwa, na ruzuku haitoshi. Na migahawa ipo pale tele, siipingi. Angalieni Coin Street hapo jirani, wakazi walipigana miaka na mpango wa maofisi, 1984 wakapata ile ardhi kwa pauni milioni 1, wakajenga nyumba za ushirika, na jengo lao la Oxo Tower Wharf lina makazi, studio za mafundi wa usanifu, na mgahawa wa bei juu kabisa. Pango linaingia na watu wa kawaida wanaishi pale pale mtoni. Kwa hiyo mi sisemi biashara isiwepo, nasema ikae juu au pembeni, ile sakafu ya chini ambayo mtu anaingia na mvua yake mwilini isiguswe.

Haya, mnaosema kumbi zijitegemee, niambieni nyie mngeanza kupangisha wapi, na yule mama na mwanawe mngewapeleka wapi?