Tupeane uzoefu: maana za maneno ya Kiingereza ya ngazi ya kati mlizinasaje?

Wakuu, salaam. Kiingereza cha kujitambulisha na kuuliza bei ninacho. Kinachonikwamisha ni maneno ya katikati: "reluctant", "despite", "eventually". Barua za kazini zimejaa hayo. Mliovuka mlifanyaje? Tafadhali, usiseme "soma vitabu" ukaishia hapo.

Mwalimu_wa_Zamu: Nafundisha historia sekondari. Mara nyingi kinachowaangusha watoto si historia, ni kitenzi cha swali. "Account for" maana yake toa sababu. Mtoto anasimulia tukio mwanzo mwisho. "Distinguish", anaeleza kitu kimoja, cha pili anakisahau. Kwa hiyo navikusanya vitenzi hivyo kwenye mitihani iliyopita, kila kimoja na swali lake na jibu lake. Kwa wewe wa ofisini, tafuta orodha ya mtafiti wa lugha Averil Coxhead ya mwaka 2000: familia 570 za maneno ya kitaaluma (familia ni neno pamoja na maumbo yake), mafungu 10. Anza fungu la kwanza, ndilo la maneno yanayojirudia zaidi.

Kapteni_Benchi: Ligi ya Uingereza, mkuu. Mtangazaji akisema "narrow lead" naangalia ubao, 1-0. Kamusi ya nini?

Bi_Shani: Kapteni, mpira hausomi barua 😂 Mie nilikuwa mapokezi, hoteli moja Nungwi. Wageni wanauliza kama chai ya asubuhi ni "complimentary". Kamusi inanipa habari za kusifu. Hotelini ni bure, basi. Tokea hapo siandiki neno peke yake, naliandika na jirani yake: "complimentary breakfast", "late checkout". Na mgeni wa kwanza atakayetokea namtolea hilo hilo.

Dogo_wa_Geto: Kukariri mnakuonea bure. Nina kadi za Anki, programu ya kukumbushia maneno, kwenye simu, napiga nikiwa kwenye foleni ya daladala. Neno ulilosahau linarudi fasta, ulilokumbuka linasogezwa mbele. Ila kadi iwe na sentensi, hapo namuunga mkono Bi Shani.

Mleta mada: Asanteni. Sasa "despite" jirani yake nani?

Mwalimu_wa_Zamu: Nomino: "despite the rain", yaani licha ya mvua. Ukitaka sentensi yenye kitenzi chake, chukua "although": "although it rained". Na usiandike "despite of", hiyo "of" ni ya "in spite of".