Mjadala: Vita vya Tanga 1914, sifa ni ya kamanda au ya askari?

Novemba 1914, askari wapatao 1,000 wa jeshi la koloni la Kijerumani waliwarudisha melini wanajeshi 8,000 wa Jenerali Aitken wa Uingereza. Sifa karibu zote hupewa kamanda, Lettow-Vorbeck. Anastahili?

Chumbageni: Anastahili. Usiku wa kuamkia tarehe 4 alipanda baiskeli na wenzake wawili, akapita mji mtupu hadi Raskazone ufukweni, akaziona meli za adui kwa macho yake. Kamanda wa koloni zima anafanya kazi ya doria! Kulipokucha kikosi cha akiba alikiweka nyuma ya ubavu wake wa kulia. Waingereza walipojitanua porini, ubavu wao wa kushoto ukiwa wazi, Kampuni ya 13, kikosi cha Wajerumani, ikawapiga rashasha kutoka pembeni. Rashasha ya mbele humpata mmoja mmoja. Ya ubavuni hufagia safu nzima.

Ngamiani: Ndugu yangu, na hizo rashasha alizishika nani? Kampuni kadhaa bado zilikuwa na bunduki za 1871, za baruti ya moshi. Ukifyatua, wingu jeupe linamwonyesha adui ulipolala. Askari akapakia tena palepale, akafyatua tena. Mimi huo ndio ushujaa. Tena bila reli ya kutoka Moshi askari hao wasingefika. Fox, meli ya kivita ya Waingereza, ilidai mji usalimishwe tarehe 2, halafu muda wao ukapotea kwa hofu ya mabomu ya kutegwa bandarini, huku treni zikishusha askari wa Lettow. Waingereza wangeshuka siku ileile wangekuta kampuni moja hivi.

(Nyuki waliovamia mapigano tuwaache. Waliwauma watu wa pande zote mbili, na rashasha kadhaa za Wajerumani zilinyamaza kwa sababu yao.)

Nguvumali: Ofisa kukaa mbele kuna gharama yake. Kapteni Tom von Prince aliuawa mitaani akiongoza watu wake. Na jioni ya tarehe 4 tarumbeta ilipigwa, ikaeleweka vibaya, kampuni nyingi zikarudi kambini magharibi ya mji. Tanga ikabaki bila ulinzi usiku ule, na Waingereza hawakujua. Tarehe 5 wakapanda meli, wakaacha rashasha 16, bunduki 455 na risasi 600,000. Laiti Aitken angetuma doria ndogo tu!

Chumbageni: Tarumbeta nakubali. Lakini Schnee, gavana wa koloni, hakutaka Tanga ipiganiwe, na Lettow akapigana kwa dhamana yake mwenyewe. Wangeshindwa, lawama yote ingekuwa yake.

Ngamiani: Lawama yake, nyumba za nani? Gavana alihofia mji kupigwa mizinga, na ukapigwa kweli: makombora ya Fox yaliangukia mjini, hata hospitali ikapigwa. Dhamana hiyo wenyeji hawakuulizwa.